Waliofika Kidato cha Nne: Nilivyozilinganisha Shule za Kata Wilayani Muheza

Septemba ya mwaka juzi dada yangu alinipigia simu kutoka kijijini kwake, upande wa tambarare wa wilaya ya Muheza, akaniuliza swali ambalo nilidhani ningelijibu kabla salio lake halijaisha. Binti yake alikuwa anakaribia kumaliza kidato cha kwanza katika shule ya kata yao, na shemeji yangu alikuwa amesikia mnadani kwamba shule nyingine, ile iliyo jirani na barabara kuu ya Tanga kwenda Segera, ina ufaulu mkubwa kuliko ya kwao. "Kaka, wewe ndiye unayezielewa karatasi za Baraza la Mitihani," aliniambia. "Tumhamishe mtoto au tumwache alipo?" Nilimwomba anipe wiki moja. Nilitumia zaidi ya miezi miwili, nikatembelea shule nne za wilaya hiyohiyo, na jibu nililompa mwishoni halikuwa lile ambalo ningelimpa siku ile kwenye simu. Naandika kwa ajili ya wazazi na walezi wengine wanaolazimika kuamua jambo kama hili wakiwa na taarifa chache. Shule zenyewe sitazitaja kwa majina, kwa sababu walimu wake walinipokea kwa heshima na wakanionyesha upungufu ambao mara nyingi hawakuusababisha wao.

Nilianza na lile ambalo kila mzazi mwenye simu huanza nalo. Nilifungua tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania, nikazitafuta shule za wilaya moja baada ya nyingine katika ile orodha ndefu ya vituo. Ukurasa wa kila shule una mambo mengi kuliko watu wanavyodhani. Juu pana jedwali dogo linaloonyesha wangapi wamepata kila daraja, wasichana peke yao na wavulana peke yao. Katikati pana mstari wa kila mtahiniwa na alama zake za kila somo, na chini pana wastani wa kituo, yaani GPA, pamoja na idadi ya waliofanya kila somo na wastani wa somo hilo. Wastani huo husomwa kinyume na ule wa chuo kikuu, kwa kuwa A huhesabiwa alama 1 na F alama 5, hivyo shule yenye GPA ndogo ndiyo iliyofanya vizuri. Nimewahi kukaa katika kikao cha wazazi ambapo jambo hilo halikuelezwa, na watu wakaondoka wakiisifu shule iliyokuwa imeshuka.

Hata ukiisoma GPA kwa usahihi, neno "ufaulu" lenyewe linahitaji kufunguliwa. Daraja la kidato cha nne hupatikana kwa kujumlisha alama hizo, 1 hadi 5, za masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Daraja la kwanza huanzia alama 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, na la nne 26 hadi 33. Mtoto aliyepata D mbili na F tano ana alama 33, na Baraza humhesabu katika daraja la nne, yaani amefaulu. D yenyewe huanzia alama 30 kwa mia. Kwa hiyo shule inapotangaza kwamba asilimia kubwa ya wanafunzi wake wamefaulu, inawezekana kabisa kwamba wengi wao wako ukingoni mwa daraja la nne, na hawana zile C tatu ambazo humfungulia mtu mlango wa kidato cha tano. Siidharau D ya mtoto aliyeipata kwa taabu. Nasema tu kwamba mzazi anayelinganisha shule mbili kwa asilimia ya ufaulu aihesabu pia idadi ya waliopata daraja la kwanza hadi la tatu, maana hapo ndipo tofauti ya shule na shule huonekana.

Kisha kuna suala la nani analinganishwa na nani. Mkoa wa Tanga una shule kongwe kuliko nyingi nchini. Shule ya Tanga ilianzishwa na Wajerumani katika miaka ya 1890, na Galanos na Usagara ni majina ambayo babu zetu waliyajua. Mbali na mkoa wetu kuna Ilboru, Mzumbe, Kibaha na Kilakala, ambazo huchukua wanafunzi waliofanya vizuri mno katika mtihani wa darasa la saba. Wanafunzi wanaobaki baada ya uteuzi huo ndio wanaopangwa katika shule za kata. Kuiweka shule ya kata ya Muheza pembeni ya shule ya vipaji na kusema moja ni nzuri na nyingine ni mbaya ni kupima mavuno bila kutazama mbegu. Mwezi Januari 2023, Baraza lilipotangaza matokeo ya mtihani wa 2022, liliacha utaratibu wake wa kutangaza shule kumi bora na watahiniwa bora. Nilikuwa nikiitazama orodha ile kila mwaka, na bado naamini kwamba uamuzi wa kuiacha ulikuwa sahihi. Kwa mzazi wa kijijini, orodha ile haikuwa na msaada wowote, kwa sababu shule zilizokuwamo hazikuwa miongoni mwa zile anazoweza kuchagua.

Nilizoweza kuzilinganisha kwa haki, basi, ni shule za kata za wilaya moja, zinazopokea watoto kutoka shule za msingi zinazofanana na zinazosimamiwa na halmashauri moja. Hata hizo hazikuzaliwa sawa. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulianza mwaka 2004, na katika miaka iliyofuata, hasa wakati Edward Lowassa akiwa Waziri Mkuu, kila kata ilihimizwa kujenga sekondari yake kwa nguvu za wananchi. Wazee wa Muheza wanaikumbuka michango ile: mchanga, mawe, maji ya kufyatulia matofali, na fedha za bati. Ardhi ilitolewa na aliyekuwa nayo, na mara nyingi mahali palipochaguliwa palikuwa katikati ya vijiji viwili ili pasiwe na ugomvi. Matokeo yake ni kwamba shule nyingi za kata haziko ndani ya kijiji chochote. Ziko porini, mbali kwa wote kwa kipimo kilekile, na uamuzi ule wa amani wa karibu miaka ishirini iliyopita ndio unaolipwa leo na miguu ya watoto.

Shule ya mpwa wangu ni ya namna hiyo. Nilikwenda kulala kwa dada yangu siku moja ya Oktoba, mvua za vuli zikiwa zimeanza, ili niifuate njia yake. Alitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, amevaa ndala, na viatu vyake vyeusi na soksi vimo ndani ya kiroba cha unga alichokifunga kwa kamba na kukining'iniza begani. Njiani waliungana wasichana wengine wawili. Walitembea kwa mstari, wa mbele akiwa na tochi ya simu ya kitochi, na hawakuzungumza sana mpaka tulipokivuka kijito cha pili. Nilitazama saa tulipofika kwenye bomba la shule: tulikuwa tumetembea saa moja na dakika arobaini. Pale kwenye bomba walinawa miguu wakishikana mabega wasianguke, wakavaa soksi, wakavaa viatu, wakazificha ndala nyuma ya tangi, kisha wakakimbia kwenda kufagia kwa sababu mwalimu wa zamu alikuwa ameshaanza kuita majina. Chakula cha mchana siku hiyo hakikupikwa, kwa kuwa michango ya mahindi ilikuwa haijakamilika. Tulirudi nyumbani giza limekwisha kuingia. Baada ya kula, mpwa wangu alifungua daftari la Kemia chini ya taa ya sola, na kabla hajamaliza ukurasa mmoja kichwa kilikuwa kimeshainama.

Ni siku ile, katika ofisi ya walimu, ndipo nilipopata kipimo ambacho sasa nakitumia kuliko GPA. Mwalimu mmoja wa darasa, mwanamke kijana aliyekuwa na kidato cha tatu, alinifungulia daftari la mahudhurio. Katika safu ya majina, kalamu nyekundu ilikuwa imepita juu ya baadhi yao, na pembeni mwa kila mstari pameandikwa neno moja: utoro, uhamisho, utoro, ujauzito, utoro. Nilimuuliza shule huwafanyia nini watoto hao wakati wa kutoa takwimu za ufaulu. Alinijibu kwa utulivu kwamba hawamo, kwa kuwa asiyefanya mtihani hawezi kufeli.

Jibu hilo ndilo kiini cha yote ninayoyaandika hapa. Tuchukue mfano wa shule mbili zilizopokea wanafunzi 100 kila moja. Ya kwanza imewafikisha 90 kidato cha nne, na 60 kati yao wamefaulu. Ya pili imewafikisha 50, na 40 kati yao wamefaulu. Ukisoma asilimia za Baraza, shule ya pili ina ufaulu wa 80 na ya kwanza haijafika 70, na mzazi atakimbilia ya pili. Lakini ukianzia kwenye wale 100 waliosimama paredi siku ya kwanza, shule ya kwanza imewavusha watoto 60 na ya pili 40. Shule iliyopoteza wanafunzi wake dhaifu njiani huonekana bora kuliko ile iliyowavumilia, na hakuna aliyedanganya popote.

Habari njema ni kwamba mzazi anaweza kukadiria jambo hili mwenyewe, kwa simu yake. Baraza huendesha pia Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili, na matokeo yake huwekwa wazi kwa kila shule. Chukua idadi ya waliofanya upimaji mwaka fulani, kisha ufungue matokeo ya kidato cha nne ya shule hiyohiyo miaka miwili baadaye, uangalie ni wangapi waliofika. Wapo wanaohama, wapo wanaohamia, na wapo wanaokariri kidato cha pili, kwa hiyo hesabu haitakuwa kamili kama ya duka. Lakini ukiifanya kwa miaka mitatu mfululizo, tabia ya shule hujionyesha. Fanya hivyo kwa wasichana peke yao na kwa wavulana peke yao, maana sababu zao za kuondoka hazifanani. Na usiwasahau walioandikishwa lakini hawakutokea kwenye mtihani wenyewe. Kwenye ukurasa wa Baraza namba zao zipo, mbele yake pameandikwa tu kwamba hawakuhudhuria.

Niliifanya hesabu hiyo kwa shule zote nne usiku mmoja, kwa kalamu na karatasi. Ile ya barabarani, aliyoisikia shemeji yangu, kweli ilikuwa na GPA nzuri kuliko zote. Sababu zake ni rahisi kuziona ukifika: umeme upo, maji yapo, benki na hospitali viko karibu, na mwalimu akipangwa pale hana haja ya kuomba kuhama. Nilimkuta mwalimu wa Fizikia, wawili wa Hisabati, na hata wa Biashara. Lakini wasichana waliofanya kidato cha pili na wale waliofika kidato cha nne walipishana kwa pengo kubwa kuliko nilivyotarajia katika shule iliyo mjini, na sikuelewa kwa nini mpaka nilipopelekwa kwenye mageto.

Asiyejua neno hili, geto ni chumba ambacho mwanafunzi hupanga karibu na shule kwa sababu kwao ni mbali na shule haina bweni. Nilichoonyeshwa kilikuwa na wasichana wawili wa kidato cha tatu kutoka vijiji vya ndani. Kulikuwa na kitanda kimoja, jiko la mkaa mlangoni, ndoo mbili, na daftari zimepangwa juu ya mfuniko wa ndoo ya pili kwa kuwa meza haikuwapo. Mlango ulifungwa kwa komeo la waya. Chumba cha jirani alikaa dereva wa bodaboda, na ukumbi wa pombe ulikuwa hatua chache kutoka pale. Wazazi wao huwaletea unga na dagaa kila baada ya wiki mbili, na katikati hapo watoto wa miaka kumi na sita wanajitawala wenyewe, wanajinunulia mkaa, na wanajilinda wenyewe. Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya mwaka 2016, inamtishia kifungo cha miaka 30 mwanamume atakayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi, na naunga mkono ukali huo kwa moyo wote. Lakini sheria huja baada ya jambo kutokea. Tangu Novemba 2021, Serikali inamruhusu msichana aliyejifungua kurudi katika mfumo rasmi wa elimu, na huo nao ni uamuzi wa utu. Hata hivyo, msichana wa getoni aliyeacha shule akarudi kijijini, saa mbili kwa gari, hana shule ya kurudia kama tatizo la makazi halikutatuliwa.

Nilimweleza shemeji yangu yote hayo. Hakuzungumza kwa muda, kisha akauliza kama kuna ndugu yeyote mjini wa kumpokea mtoto. Hakukuwapo.

Shule ya tatu, iliyo pembezoni mwa mashamba ya mkonge, naipitia kwa haraka isipokuwa kwa jambo moja. GPA yake ilikuwa ya kuridhisha, na waliofika kidato cha nne hawakuwa wachache, isipokuwa wavulana, ambao hupungua kidato cha tatu. Mkuu wa shule aliniambia kwamba msimu wa machungwa ndio unaowachukua, katikati ya mwaka, magari yanapokuja kupakia na kijana anaweza kulipwa jioni ileile. Jambo nililotaka kulieleza ni maabara. Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila shule ya kata iwe na maabara tatu, za Fizikia, Kemia na Biolojia, na wananchi wakachangishwa tena ili kazi ikamilike ifikapo Novemba 2014. Pale majengo matatu yapo, yamepakwa rangi, na kwenye moja wamehifadhi madawati mabovu. Ndani ya kabati la Fizikia nilikuta ameta mbili, vipimo vya mkondo wa umeme, ambazo bado zimo ndani ya nailoni ya kiwandani. Juu ya meza palikuwa na daftari la maabara, ambamo mwalimu huandika tarehe, darasa, jaribio lililofanyika na vifaa vilivyotumika. Nililifungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Tarehe yake ilikuwa ya zaidi ya mwaka mmoja nyuma, na aliyetia saini alikuwa mwalimu wa kujitolea aliyekwisha kupata ajira kwingine.

Niliporudi kwenye ukurasa wa Baraza ndipo nilipoelewa GPA ile ya kuridhisha ilitoka wapi. Waliofanya Fizikia walihesabika kwa vidole, maana kidato cha tatu, mchepuo unapochaguliwa, karibu wanafunzi wote huelekezwa kwenye masomo ya sanaa ili shule isijiangushe. Sikuona ubaya wa nia katika hilo. Mkuu wa shule asiye na mwalimu wa Fizikia ana njia mbili tu, kuwaacha watoto wafeli au kuwaondoa kwenye somo. Ila mzazi mwenye mtoto anayependa sayansi anapaswa kujua kwamba mlango ule umefungwa, na ukurasa wa matokeo utamwambia kama ataitazama idadi ya watahiniwa wa kila somo kabla ya kuutazama wastani wake. Vilevile nawashauri wazazi watazame masomo mawili pamoja, Kiswahili na Historia. Watoto ni walewale, na kazi ya kusoma na kueleza inafanana, lakini moja hufundishwa kwa lugha yao na jingine kwa Kiingereza. Pengo kati ya masomo hayo mawili hukupa picha ya namna shule inavyomvusha mtoto kutoka Kiswahili cha shule ya msingi kwenda Kiingereza cha sekondari, na katika shule hizi nne mapengo hayo yalitofautiana kuliko GPA zao.

Ya nne iko juu, kwenye miteremko ya Usambara Mashariki, upande wa njia ya Amani. Nilipanda kwa bodaboda, na mara mbili ilibidi nishuke nitembee kwa sababu udongo mwekundu ulikuwa umelowa na pikipiki ilikuwa inateleza. Kando ya njia watu walikuwa wameanika iliki na magome ya mdalasini chini ya paa za bati. Sikuwa nimeipa nafasi kubwa shule hiyo, kwa kuwa GPA yake ilikuwa ya tatu kati ya nne. Lakini katika ile karatasi yangu ya usiku, hesabu ya wasichana wake wa kidato cha pili na wa kidato cha nne ilikuwa inakaribiana mwaka baada ya mwaka, na nilitaka kuona kwa macho yangu kuna nini pale.

Kulikuwa na hosteli. Haikuwa bweni rasmi la Serikali, lenye bajeti yake ya chakula. Lilikuwa jengo refu la matofali ya kuchoma ambalo wazazi walilianza wenyewe baada ya msichana mmoja kupotezwa na mafuriko ya kijito wakati akirudi nyumbani. Matroni ni mwalimu wa Kiswahili anayeishi mlango wa pili. Kila mzazi huleta debe la mahindi, kilo za maharage na fedha kidogo ya mafuta na chumvi kwa kila muhula, na kuna daftari ofisini ambamo kila debe limeandikwa, nani ameleta na tarehe gani. Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016, ulioeleza namna elimu bila malipo itakavyotekelezwa, uliacha chakula cha mwanafunzi wa kutwa na sare zake mikononi mwa mzazi, na mahali pengi wazazi wamelisikia neno "bila malipo" wakaacha hata kile walichokuwa wakikitoa. Ruzuku ya Serikali kwa mwanafunzi wa sekondari ni shilingi 25,000 kwa mwaka, na hakuna jiko la shule linaloweza kuendeshwa kwa fedha hiyo. Kilichonigusa kwa wazee wale wa mlimani ni kwamba walikaa, wakapiga hesabu, wakaamua.

Sitaki kuipamba. Mwalimu wa Hisabati alikuwa mmoja kwa shule nzima, na mwalimu wa Fizikia alikuwa kijana wa kujitolea anayelipwa na michango ya wazazi, ambaye anaweza kuondoka mwezi wowote ajira zikitangazwa. Maktaba ni rafu mbili ndani ya ofisi ya taaluma. Usiku ni baridi, na mtoto wa tambarare atahitaji sweta na blanketi la pili. Lakini saa moja jioni niliwaona wasichana wa vidato vyote wamekaa kwenye prepu, chini ya taa nne za sola, matroni akizunguka na kipande cha chaki mkononi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amesinzia. Nilimkumbuka mpwa wangu na daftari lake la Kemia.

Nilimpelekea dada yangu jibu nikiwa nimeketi naye uani, shemeji akiwepo, na mtoto mwenyewe tukamwita asikie. Nilisema kwamba kama wangekuwa na ndugu mjini, ningeshauri shule ya barabarani bila kusita, kwa kuwa walimu wake wa sayansi ni wengi. Kwa kuwa hawana, na kwa kuwa safari ya sasa inammaliza mtoto nguvu kabla hajafika darasani, nashauri mlimani, ingawa GPA yake si nzuri kama ya shule ya barabarani. Shemeji alipinga kwanza, akasema watu watamshangaa kumtoa mtoto bondeni na kumpeleka shule iliyoshindwa na ya mjini. Dada yangu aliuliza swali moja tu, kama mlango wa hosteli unafungwa kwa ndani. Nilimwambia unafungwa, nimeujaribu. Binti aliuliza, "Mjomba, huko Fizikia wanafanya kweli au wanaandikiwa ubaoni?" Nikamwambia mwalimu yupo, ila sijui atakaa mpaka lini.

Uhamisho ndani ya wilaya si mgumu kama watu wanavyotishana. Mzazi huandika barua kwa mkuu wa shule anakotoka, mkuu wa shule anakokwenda anathibitisha kwamba nafasi ipo, Ofisi ya Elimu Sekondari ya wilaya inaridhia, na taarifa za mwanafunzi zinahamishwa katika mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani. Kinachochelewesha ni mzazi kusubiri hadi shule zimefunguliwa. Sisi tulianza Novemba, na Januari mtoto alipanda mlima na tranka lake, godoro, ndoo, jembe na debe la mahindi.

Nilimtembelea mwaka huu, akiwa kidato cha tatu, amechagua mchepuo wa sayansi. Mwalimu yule wa kujitolea ameajiriwa na Serikali na kupangwa wilaya nyingine, kama nilivyohofia, na wazazi wamempata mwingine baada ya wiki sita ambazo darasa lilikaa bila mtu. Mpwa wangu alinishika mkono akanipeleka maabara, kwa sababu siku hiyo zamu ya kutunza ufunguo ilikuwa ya darasa lao. Daftari la maabara lilikuwa juu ya meza. Alilifungua ukurasa wa mwisho, akaniwekea kidole kwenye mstari ulioandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe: jaribio la bembea, kamba, jiwe la gramu 50, saa ya kusimamisha, wanafunzi kumi na tisa. Tarehe ilikuwa ya Jumanne ya wiki ileile.